Jina la Mwalimu Wairimu

Nyinyi mnaoanza kazi ya uuguzi, na nyinyi vijana mnaojitolea kuzunguka vijijini na mifuko ya dawa mgongoni, nisomeni leo kabla sijatulia. Nimestaafu. Magoti yananisumbua, daktari amenikataza milima, na jana nimepanda mlima wa Boito kama msichana aliyetumwa chumvi. Nimerudi nyumbani nikashindwa kula. Mume wangu ameniuliza kama nimeshikwa na homa. Sina homa, nina furaha ambayo haijapata pa kukaa, na nisipoiandika itanikosesha usingizi.

Ila habari ya jana itawapita kama hamkumjua Mwalimu Wairimu, kwa hiyo kwanza nitawajulisha. Wenye haraka wavumilie. Kazi yetu ni ya kungoja, na mkunga asiyejua kungoja atafute kazi nyingine.

Nilikuwa muuguzi na mkunga katika dispensari ndogo huko Boito, chai mbele na chai nyuma, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Wairimu alifundisha shule ya msingi iliyo juu kidogo ya dispensari. Baba yake alitoka Nyeri akafungua duka Chepilat wakati soko lenyewe ni vibanda vichache, na huko ndiko Wairimu alikozaliwa, mtoto wa pekee. Alikuja Boito kufundisha, akanunua kipande cha shamba, akapanda chai yake na migomba, hakuondoka tena. Hakuolewa wala hakuzaa. Kila saa aliyobaki nayo baada ya shule aliitumia kwa wagonjwa wangu bila kuajiriwa na mtu, na alipostaafu ualimu ndipo akazidi. Mwaka jana tulimzika hapo hapo shambani kwake.

Siku ya maziko alikuja mhubiri ambaye hakumjua vizuri. Alifuata desturi yake, akasema, "Watoto wa marehemu wasimame tuwaombee." Uwanja ulijaa watu aliowafundisha kusoma, na akina mama aliowafikisha hospitalini, na mimi nilikuwa pale. Hakuna aliyesimama. Si kwa ubaya. Kwetu mtoto ni mtoto, hujisimamishi mbele ya watu kwa kuwa uliwahi kufundishwa herufi. Mhubiri akangoja kidogo, akafungua Biblia, akaendelea. Kimya kile kilinichoma, na nimeishi nacho mpaka jana.

Kilinichoma kwa sababu nilijua jambo moja. Kwa Wakikuyu jina halitupwi. Msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya yake mzaa baba, anayefuata huitwa la nyanya wa upande wa mama, na mtu akizeeka humwona mwenzake mdogo akikimbia uani akiitwa kama yeye. Wairimu alinieleza hayo siku moja tukichambua maharagwe kwenye baraza ya dispensari.

"Mimi nilibeba jina ya mama ya baba yangu," akasema. "Na sasa, Sista, hiyo jina imefika steji ya mwisho. Hakuna abiria mwingine."

Akacheka. Alikuwa mtu wa kutania kila kitu. Lakini maharagwe aliyokuwa amekwisha kuyachambua aliyamwaga tena kwenye ungo, akayachambua upya bila kujua. Mimi niliona. Hilo ndilo deni pekee ambalo dunia ilionekana haitamlipa, na mimi kwa kweli sikujua pa kulidai.

Basi sasa mnajua kilichokuwa kikinikera. Turudi kazini.

Tulijuana kwa ugomvi. Nilikuwa mgeni pale, najivunia kofia yangu nyeupe, nina foleni ya akina mama mpaka nje. Akaingia huyu mwanamke mwembamba mwenye chaki kwenye vidole, hakubisha hodi.

"Sista, mama Kibet amebakisha siku chache na hana mpango ya kuja hapa. Mfuate."

Nikamuuliza yeye ni mwalimu au mkunga.

"Mimi ni mwalimu. Kibet amekuja shule na vifungo za shati zimeruka moja."

Nilimwona kichaa. Nilimwambia hapa tunatibu watu, hatutibu mashati. Akanitazama tu, akarudi darasani. Kesho yake nilikwenda kwa mama Kibet, zaidi ili nimwonyeshe huyo mwalimu kwamba hajui kitu, na nikamkuta mama amelala, miguu imevimba, kichwa kinamuuma, macho yanaona maluweluwe. Nyinyi mliosoma mnajua hizo ni dalili za kifafa cha mimba. Tulimwahi. Jioni nilipanda shuleni kumsalimu mwalimu kwa heshima zake zote, na yeye hakusema neno la kunicheka, alinipa chai. Nilikunywa ile chai nikiwa mpole sana.

Akanieleza namna yake. Asubuhi, wanafunzi wakiwa kwenye paredi, alipita katikati ya mistari akijifanya anakagua kucha. Kumbe anasoma nyumba. Shati lililofungwa kombo, nywele zilizosukwa upande mmoja, kijana aliyevaa sweta ya dada yake, yote yalikuwa habari. Mama akiwa mzima, alisema, mtoto huonekana amepitiwa na mkono wa mtu kabla ya kutoka mlangoni. Mkono huo ukikosekana, kuna jambo nyumbani. Dalili ya mvua ni mawingu.

Nyinyi mna simu zinazowaambia mimba ya nani imefika wiki gani. Mimi nazipenda hizo simu, ningekuwa kijana ningelala nayo kifuani. Lakini mkiingia kwenye nyumba, mtazameni mtoto wa pili. Wa kwanza anajivalisha mwenyewe, wa mwisho anabebwa. Wa pili ndiye atakayekuambia hali ya mama yake bila kufungua mdomo. Hilo ni la Wairimu, si langu, na sijaliona kwenye kitabu chochote.

Msidhani alipatia kila mara. Kuna msichana alikuja shule na viatu viwili vya mguu wa kushoto. Wairimu alipoona vile hakungoja. Akakusanya wabebaji, akachukua machela, akanipitia mimi na mkoba wangu, tukashuka bonde na kupanda ng'ambo tukihema. Tulimkuta mama wa msichana ameketi kwenye jua, ananyonya muwa. Dada yake alikuwa amekuja kutoka Kabianga na watoto wake, wakalala wote sebuleni, na asubuhi viatu vikachanganyika. Kule Kabianga nako, kwa hesabu za haraka, kulikuwa na mtoto anatembea na viatu viwili vya mguu wa kulia. Wabebaji walimtania Wairimu mwaka mzima. Kila akipita sokoni mmoja anainua mguu na kumuuliza, "Mwalimu, huu ni wa kushoto?" Yeye naye anajibu, "Lete nikague kucha."

Wale wabebaji walikuwa watu wa ajabu. Ni wachumaji wa chai, wengi wanafunzi wake wa zamani, na aliwaita kwa filimbi ya michezo ya shule. Machela aliishona mwenyewe kwa magunia ya neti ya kubebea majani mabichi, yale yanayopitisha hewa, akayapitisha kwenye miti miwili ya mkaratusi. Mnajua njia za chai zilivyo nyembamba. Ukishika machela chini, miti inakwama kwenye vichaka, kwa hiyo walibeba juu ya mabega, mgonjwa anapita juu ya chai kama anaogelea.

Mara ya kwanza walikosea vibaya. Waliweka watu warefu mbele, na njia ni ya kupanda. Mama akaanza kuteleza kuelekea miguuni, akashika gunia, akasema kwa sauti tulivu kabisa, "Nishusheni, nitembee mwenyewe. Nitafika nikiwa mzima." Siku hiyo Wairimu aliwapeleka wote kwenye uwanja wa shule na gunia la viazi juu ya machela, akawafundisha kama darasa la kwanza. Mkipanda, warefu nyuma. Mkishuka, warefu mbele. Kichwa cha mgonjwa kiwe upande wa juu wa mlima. Na mtu mmoja asibebe, kazi yake ni kuongea na mgonjwa tu. Siku hizi boda boda ziko kila pembe na lami imefika karibu, lakini bado kuna mvua ambayo boda boda yenyewe inalala kando ya njia. Siku hiyo mtakumbuka warefu wakae wapi.

Sasa niwaambie habari ya Emily, kwa sababu jana nilikuwa kwake.

Emily aliolewa katika boma la Kogo Tapkigen. Kogo kwetu ni nyanya, na huyu Tapkigen hata wakati huo, kabla ya kuwa nyanya wa watu wengi, aliogopwa kama nyanya wa kijiji kizima. Alizaa watoto wake wote jikoni kwake, akakata kitovu mwenyewe, na hakuona sababu ya mkaza mwana wake kupelekwa mahali pengine. Asubuhi moja Wairimu aliona mtoto wa Emily kwenye paredi na gauni limevaliwa nyuma mbele. Akanitumia habari. Tulipofika bomani, Tapkigen alitukuta mlangoni akasema Emily yuko shambani anachuma, ni mzima, turudi tulikotoka.

Ni kweli alikuwa shambani. Alikuwa ameinama kwenye chai, kapu mgongoni, anachuma kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika tawi, na kila uchungu ukija anang'ang'ania tawi mpaka upite. Alitaka amalize mstari wake. Nawaambia, wanawake wa chai mnaweza kuwaambia nyumba inaungua nao watasema ngoja nimalize mstari huu. Nilimshika tumbo pale pale, nikasikiliza kwa ile pembe yangu ya mti, na moyo wa mtoto nikaukuta juu, karibu na mbavu. Kichwa kilikuwa juu. Mtoto ameketi, na chupa ya maji imekwisha kupasuka.

Tapkigen akasema atamgeuza kwa mafuta. Mimi nilikuwa napandisha hasira, lakini Wairimu alinikanyaga mguu. Akamwendea mama yule, akamwamkia vizuri, akamwambia, "Mama, mimi sijui kuzalisha. Sista ndiye anajua, na wewe unajua zaidi yetu wote. Lakini huyu mtoto amekataa kugeuka na mvua inakuja. Utupe ruhusa, na wewe ukuje na sisi uone tukikosea." Tapkigen alitazama mbingu, akachukua shuka yake, akatangulia yeye mwenyewe. Nyinyi mnaopenda kugombana na mama wakwe kliniki, someni hapo mara mbili.

Filimbi ikalia, wabebaji wakaja, tukamfikisha kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Gari la wagonjwa halikuweza kupita, daraja lilikuwa limefunikwa na maji. Lori la kiwanda lilikuwa limeegeshwa pale likipakia majani. Dereva hakuuliza swali. Alifungua nyuma, tukamlaza Emily juu ya magunia ya chai mbichi, mimi upande mmoja, Tapkigen upande wa pili, Wairimu amesimama ameshika kamba. Lori lilivuka maji yale kama ng'ombe. Emily alisema baadaye hajawahi kulalia godoro laini kuliko lile, na mpaka leo akinusa chai mbichi tumbo lake hushtuka. Hospitalini walimpasua. Alizaliwa mvulana, wakamwita Kiprono, mnene, ana hasira, mapafu mazuri. Daktari alituambia tungechelewa kidogo tu tungewapoteza wote wawili.

Kuanzia siku ile Wairimu hakupita karibu na boma la Tapkigen bila kuitwa. Tapkigen alisimama mlangoni akapaza sauti, "Mwalimu, ingia," na ukiingia kuna mursik kwenye kibuyu, maziwa yake ya mgando yenye masizi. Ukikataa umetukana ukoo. Wairimu, ambaye mara ya kwanza aliyameza kwa kufumba macho, aliishia kuyapenda kuliko sisi.

Kuna mwaka ambao watu wa hapa walitazamana vibaya kwa sababu ya kabila, nyinyi mmeusikia kwa wazazi wenu, sitaufukua. Nitasema hili tu. Wabebaji wa machela walikwenda kuketi kwenye geti la Wairimu mchana kutwa wakicheza bao, na waliopita na maneno mabaya walikuta watu wenye mabega mapana. Tapkigen alituma neno sokoni: "Huyo ni mgeni yetu. Mwenye anamtaka, apitie kwangu kwanza." Neno hilo mgeni lilimlinda Wairimu mwaka ule. Sikujua kwamba jana lingetaka kutuharibia shughuli.

Haya, jana.

Kiprono yule wa lori sasa ni mwanaume. Ameoa msichana anayeitwa Faith, ambaye alifundishwa na Wairimu darasa la kwanza hadi la tatu, na wiki iliyopita Faith amejifungua msichana. Hospitalini kila kitu kilikwenda sawa, picha za tumbo zilikuwa zimeonyesha mapema mtoto amelala vipi, hakuna aliyehitaji filimbi. Nilialikwa kwenye kumpa mtoto jina.

Wasio wa kwetu niwaeleze. Mtoto wa Kipsigis huitiwa majina ya watu wa ukoo wa baba yake waliotangulia. Wanawake wazima huketi, mmoja anampakata mtoto, na mzee anataja jina moja moja. Mtoto akipiga chafya, basi huyo aliyetajwa amekubali kurudi nyumbani, na mtoto atachukua jina lake. Siku hizi wengine tuliookoka huliacha jambo hili, wengine hulifanya kisha wakampeleka mtoto kanisani kubatizwa. Mimi ni mtu wa kanisa. Lakini nikialikwa nakwenda, na nina sababu yangu ya kazi. Kuna wazee wanaoharakisha ile chafya kwa ugoro. Ugoro kwenye pua ya mtoto wa wiki moja ni hatari, nimepigana nao tangu nivae kofia, na jana niliketi karibu na Tapkigen makusudi, macho kwenye kikopo chake.

Akaniona. Amezeeka sana sasa, mgongo umepinda, lakini macho ni yale yale.

"Sista, bado uko polisi ya pua?"

"Bado, Kogo."

Akarudisha kikopo ndani ya nguo. Basi majina yakaanza, na hayakuwa na msaada wa kitu chochote.

Akamwita mama wa mume wake. Mtoto amelala. Akaita Tapletgoi, akaita Taprandich, akarudi kwa wa kwanza. Mtoto akapiga mwayo. Alipotajwa shangazi mmoja ambaye hata mimi namkumbuka, mtoto akajamba, na wanawake wakaanguka kwa kicheko. "Huyo hata akiwa hai hakupenda watu," Tapkigen akasema, akapita. Aliita wa mbali, aliita wa karibu, mpaka sauti ikakauka na mursik ikaletwa. Mtoto macho wazi sasa, anatazama paa, hana haja na mtu yeyote.

Hapo ndipo Faith aliposema, polepole, akitazama chini, "Kogo, muite Mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Mwalimu Wairimu."

Moyo wangu ulianza kupiga mpaka nikaona aibu, mimi niliyesikiliza mioyo ya watu maisha yangu yote. Nilitaka kusema. Lakini mimi si wa ukoo ule, na kwenye jambo kama hili mdomo wa mtu wa nje hufungwa. Niliuma ulimi, nikamshika Faith mkono.

Tapkigen hakukasirika. Aliongea kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonitisha, kwa sababu Tapkigen akikasirika unaweza kumbembeleza. "Faith, mimi nilimpenda huyo mtu kuliko wewe. Lakini alikuwa mgeni yetu. Mgeni anapewa maziwa, anapewa kiti, anasindikizwa. Haitwi jina. Watu wake wako Nyeri huko. Nikimwita hapa, roho yake itapotea, haijui njia ya hii boma."

Wanawake wakatikisa vichwa kwamba ni kweli. Nikaona limekwisha. Nikakumbuka kile kimya cha maziko, nikajua kinarudi kuketi nasi.

Ndipo Emily alipoweka kibuyu chini. Niwaambieni, tangu Emily aolewe pale sijawahi kumsikia akipinga neno la mama mkwe wake. Hata siku ile ya uchungu hakusema ndiyo wala hapana. Jana alisema, na hakupandisha sauti.

"Mama, mgeni ni siku mbili. Ya tatu unampa jembe. Huyu tulimpa jembe na akalima." Akafuta mikono kwenye leso. "Na njia ya hapa anaijua. Aliipita kwa mguu kunifuata, mvua ikija, wakati wewe ulikuwa umefunga mlango. Kama hangejua njia, Kiprono hangekuwa. Na huyu mtoto hangekuwa. Wewe ungekuwa unaita nani leo?"

Tapkigen alimtazama mkaza mwana wake muda mrefu. Kisha akanyoosha mikono, akasema, "Nipe huyo mtoto." Akampakata mwenyewe, kwenye magoti yake membamba, kichwa kimelala kwenye kiganja, vizuri kabisa, hata mimi nisingemrekebisha.

"Wairimu," akaita.

Mtoto akatazama paa.

"Wairimu wa Chepilat. Wairimu wa Boito."

Hakuna. Mwanamke mmoja akaguna. Sasa mimi nawaambia kama muuguzi, mtoto mchanga hupiga chafya kwa sababu pua yake ni nyembamba, vumbi kidogo tu au mwanga wa dirisha unatosha, na hakuna mtu anayejua itakuja saa ngapi. Najua hayo yote, nimeyafundisha. Na nilikuwa nimeketi pale nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu, namwomba Mungu chafya moja.

Tapkigen aliinua uso akatazama mlango uliokuwa wazi, na chai iliyoshuka mpaka bondeni. Akaita kwa sauti kubwa kama alivyoita miaka yote mtu akipita pale chini.

"Mwalimu, ingia."

Mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, akapiga chafya iliyomtikisa mpaka miguuni.

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika ng'ambo, naambiwa watu waliacha kuchuma wakasimama. Faith analia, mimi nalia, Emily amekwenda kushika ukuta, wanawake waliotikisa vichwa ndio waliocheza zaidi. Mtu mmoja akamwaga mursik na hakuna aliyejali. Kelele zilimwamsha mtoto vizuri, akaanza kulia kwa nguvu, anatafuta ziwa kwenye shuka la mzee.

Tapkigen akamrudisha kwa mama yake, akajifunga shuka vizuri. "Wairimu ana njaa," akasema. "Mnyonyeshe."